Dawa za VVU zipo zahanati, ya sikoseli ya mwanangu haipo. Kwa nini?

Swali: Mfamasia, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini wilaya ya Sengerema. Mwanangu wa pili ana miaka sita na ana sikoseli. Mwaka jana daktari alimwanzishia haidroksiyurea, na tangu hapo hajalazwa hata mara moja. Shida ni kwamba dawa naifuata Mwanza mjini, na mwezi nikikosa nauli anakaa bila dawa. Zahanati yetu naiona kutoka mlangoni kwangu. Pale watu wanachukua ARV bure, tena za miezi mitatu. Sina kinyongo nao, Mungu awalinde. Nauliza tu: kwa nini zao zipo na ya mwanangu haipo? Ni dawa ghali sana? Au watoto wetu hawahesabiwi?

Jibu: Marahaba, mama. Swali lako la mwisho, hilo la kuhesabiwa, ndilo limebeba jibu lote. Nitalifikia. Kwanza nilimalize hili la ughali, maana wazazi wengi huambiwa hivyo dirishani, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba mtoto wao ana ugonjwa wa matajiri.

Haidroksiyurea si dawa mpya, wala si siri ya kampuni yoyote. Iliundwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikakaa karibu karne nzima bila kazi ya maana hospitalini, kisha miaka ya 1960 ikaanza kutumika kutibu saratani ya damu. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wazima wenye sikoseli wanaoitumia hupata maumivu makali karibu nusu tu ya wanavyopata wenzao. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaipitisha kwa ugonjwa huo. Hataza yake, yaani ile haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze, ilikwisha zamani. Kiwanda chochote chenye ubora kinaruhusiwa kuitengeneza, na India vipo vinavyoitengeneza kila siku.

Kwa hiyo ukikuta bei kubwa famasi, ujue sehemu kubwa ya bei hiyo imezaliwa njiani. Mwagizaji analeta katoni chache kwa sababu hana uhakika wa wateja. Anaziuza kwa famasi chache za mjini, kila mmoja anaongeza chake, na vidonge vikikaribia kuisha muda wake hasara yote inatiwa kwenye bei ya vile vitakavyofuata. Halafu juu ya hapo weka nauli yako, na siku yako ya kazi iliyopotea. Dawa iliyotoka kiwandani kwa bei ya kawaida inakufikia mkononi ikiwa mzigo.

Kuna sababu nyingine iliyoichelewesha kwetu, na hii lazima niiseme kwa haki, kwa sababu haikuwa uzembe. Dawa hii hushusha kidogo chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Madaktari wengi waliogopa kwamba mtoto wa Afrika, anayeishi na malaria, utapiamlo na maambukizi ya kila namna, ingemdhuru badala ya kumsaidia. Hofu hiyo ilijibiwa na utafiti uliofanyika kwetu sisi wenyewe: Kilifi pwani ya Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa Kongo na Luanda Angola. Watoto 606 wenye umri kati ya mwaka 1 na 10 walipewa haidroksiyurea na kufuatiliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Malaria haikuongezeka, bali ilipungua kwa karibu nusu. Haja ya kuongezewa damu ilishuka hadi theluthi moja hivi ya ilivyokuwa. Na vifo: kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mzima, walikuwa wakifa kati ya watatu na wanne (3.6). Baada ya dawa ilikuwa 1.1. Hicho unachokiona kwa mwanao, kwamba hajalazwa tangu mwaka jana, ndicho walichokiona wale mamia ya wazazi.

Namna inavyofanya kazi ni jambo la kupendeza kulijua. Mtoto akiwa tumboni ana aina yake ya hemoglobini, ya kichanga, ambayo haikunji chembe za damu. Akizaliwa, mwili unaiacha polepole na kuanza kutengeneza ya ukubwani, na hapo ndipo kwa mwenye sikoseli chembe zinaanza kujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Haidroksiyurea huusukuma mwili uirudie kidogo ile hemoglobini ya utotoni. Ndiyo maana inatakiwa kumezwa kila siku. Siku usiyoiona dawa, mwili unaanza kuisahau kazi uliyoufundisha.

Sasa twende kwenye ARV. Watu wengi leo wanadhani zilikuja kwa huruma tu, kwamba dunia ilituonea imani ikatuletea. Mimi nilikuwa kijana chuoni miaka hiyo na nakumbuka haikuwa hivyo. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka zilifika zaidi ya dola 10,000. Tulifundishwa darasani kwamba dawa zipo, tukafundishwa majina yake, kisha tukaambiwa msizitarajie. Afrika Kusini ilipotunga sheria ya kuiwezesha serikali kupata dawa kwa bei nafuu, makampuni 39 ya dawa yaliishtaki serikali mahakamani Pretoria. Wagonjwa wenyewe walijipanga, chini ya kundi lililoitwa Treatment Action Campaign, wakajaa barabarani na mahakamani. Kiongozi wao, Zackie Achmat, aliyekuwa anaishi na VVU, alikataa kumeza dawa alizoweza kuzipata hadi zipatikane katika hospitali za umma kwa kila mtu. Aprili 2001 makampuni yaliondoa kesi. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alikuwa ametangaza kwamba ataliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Novemba mwaka huo huo, Doha, nchi za Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kwa maandishi kwamba kanuni za hataza hazipaswi kuzuia nchi kulinda afya ya watu wake.

Halafu ikaja hela. Mfuko wa Dunia ulianza mwaka 2002, mpango wa PEPFAR wa Marekani ukatangazwa 2003, na mwaka huo huo taasisi ya Bill Clinton ikakubaliana na viwanda kushusha bei hadi chini ya dola 140 kwa mwaka, kwa ahadi kwamba wanunuzi watakuwa wengi na watalipa kwa wakati. Oktoba 2004 Tanzania ikaanza mpango wa taifa wa kutoa ARV bure. Leo kile kidonge kimoja cha siku, ambacho ndani yake kuna dawa tatu, kinagharimu chini ya dola 45 kwa mwaka mzima.

Nimekueleza yote hayo kwa sababu moja. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hataza ilikuwa kikwazo kimoja tu, tena kwa mwanao kikwazo hicho hakipo kabisa. Kazi kubwa zaidi ilikuja baadaye, na haikuandikwa magazetini: kujua kila mwenye VVU yuko wapi, anatumia nini, na atahitaji nini miezi sita ijayo.

Ingia pale zahanati kwenu siku ya kliniki uangalie. Anayechukua ARV ana kadi yenye namba yake peke yake. Faili lake lipo. Akikosa siku yake anatafutwa. Mwisho wa kipindi, idadi ya watu inapanda kutoka zahanati kwenda halmashauri, kutoka halmashauri kwenda taifa, na taifa linakaa mezani na kusema: tuna watu kadhaa kwenye dawa hii, kila mmoja anahitaji chupa moja ya vidonge 90 kwa miezi mitatu, kwa hiyo tunahitaji chupa kadhaa, ongeza akiba. Chupa ile nyeupe anayoibeba mtu kwenye mfuko wa rambo ilihesabiwa kwa jina lake kabla haijapanda meli.

Sasa njoo kwenye dawa nyingine zote. Hizo huagizwa kwa njia tofauti. Mhudumu anajaza taarifa na maombi, siku hizi kwenye kompyuta, zamani kwenye karatasi, lakini safu ni zilezile: salio la kuanzia, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichopotea, salio la mwisho, siku ambazo dawa haikuwepo, kiasi kinachoombwa. Maombi ya kipindi kijacho yanatokana na matumizi ya kipindi kilichopita. Kwa panadol ni utaratibu mzuri tu. Kwa dawa ambayo haijawahi kuwepo ni mtego. Haikuwepo, kwa hiyo matumizi ni sifuri. Matumizi ni sifuri, kwa hiyo ombi ni sifuri. Bohari ya Dawa, ile ya serikali inayonunua na kusambaza dawa, inaona sifuri kutoka hospitali baada ya hospitali, na inafanya kile ambacho mnunuzi yeyote mwenye akili angefanya: hainunui, au inanunua kidogo kwa ajili ya hospitali chache kubwa. Mwenye VVU anahesabiwa kama mtu. Mtoto wa sikoseli anahesabiwa kama kidonge kilichotoka stoo, na kama hakikutoka, basi naye hayupo.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Niliwahi kuwa mfamasia kwenye hospitali moja ya wilaya huku kanda ya ziwa. Siku moja alikuja baba na binti yake mgongoni, mkubwa kiasi cha kutobebwa, macho ya njano, mguu mmoja umevimba. Alinipa cheti dirishani. Nilisoma haidroksiyurea, nikaandika "OS" pembeni kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea kuandika kwa dawa isiyokuwepo, nikamrudishia. Alikitazama kile cheti kwa muda, akaniuliza, "Hii OS inapatikana duka gani?" Alidhani nimemwandikia dawa nyingine.

Jioni nilibaki stoo. Nilitoa nakala za maombi ya mwaka mzima na kupitisha kidole kwenye ule mstari. Sifuri, sifuri, sifuri, na chini ya kila ukurasa sahihi yangu. Kisha nikaenda wodi ya watoto nikaomba daftari la kulazwa. Niliacha kuhesabu watoto wa sikoseli nilipovuka arobaini, wengine jina lile lile limerudi mara nne, mara tano ndani ya mwaka mmoja. Wodi ilikuwa inawajua kwa majina na stoo yangu ilikuwa haina habari nao, na kati ya vyumba hivyo viwili ni hatua thelathini. Kipindi kilichofuata sikujaza kwa matumizi. Nilijaza kwa watoto. Niliandika barua moja ya maelezo, daktari wa watoto akasaini nami. Haikuja yote, ilikuja sehemu, na ilichukua miezi. Lakini ule mstari haukuwa sifuri tena, na mwaka uliofuata kulikuwa na matumizi ya kuonyesha.

Sasa kuhusu zahanati yenu hasa. Tanzania ina orodha ya taifa ya dawa muhimu, kama zilivyo nchi nyingi tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya kwanza mwaka 1977. Kwenye orodha yetu kila dawa ina herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, S hospitali za juu kabisa. Haidroksiyurea imo kwenye orodha, lakini haikuwekwa A. Kwa hiyo mhudumu wenu anapokwambia hana, hakufichi kitu. Kwenye fomu yake hakuna hata mstari wa kuiomba. Na duka la dawa muhimu la pale senta nalo haliruhusiwi kuiuza. Inabaki famasi, na famasi ziko mjini.

Kuna sababu ya kitabibu ya kuiweka juu: anayeitumia anatakiwa kupimwa damu, kile kipimo cha picha kamili, mara kwa mara hasa mwanzoni, na mashine hiyo zahanati hamna. Naiheshimu sababu hiyo. Lakini kupima na kuchukua dawa si kitu kimoja. Mtoto ambaye dozi yake imeshatulia na damu yake iko vizuri anaweza kupimwa hospitali ya wilaya kila baada ya miezi kadhaa, na dawa akaichukua karibu na kwao. Ndivyo ilivyofanyika kwa ARV. Mwanzoni nazo zilikuwa hospitali kubwa tu, na waliosema hazitawezekana vijijini walikuwa wataalamu wenye nia njema. Mimi naamini, na nimelisema kwenye kila kikao nilichoalikwa, kwamba haidroksiyurea inapaswa kushuka hadi kituo cha afya kwa wagonjwa waliotulia, na kwamba kuendelea kuibana mjini kunaua watoto wengi kuliko madhara ya dawa yenyewe.

Ni watoto wangapi? Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na tumo kwenye kundi la nchi zinazoongoza duniani pamoja na Nigeria, India na Kongo. Kwenu kanda ya ziwa ni zaidi, na sababu yake ni malaria. Anayerithi kinasaba kimoja tu cha sikoseli haugui, bali analindwa kiasi dhidi ya malaria kali. Aliyeligundua hilo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 aliona kwamba wenye kinasaba hicho ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na wachache nyanda za juu kusiko na malaria nyingi, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi. Yaani kinasaba kilichowalinda mababu wa watu wa ziwa ndicho, kinapokutana kutoka kwa baba na kwa mama, kinachomuumiza mwanao. Hakuna aliyelogwa, na hakuna aliyekosea. Nalitaja kwa sababu najua akina mama wanavyosemwa.

Wengi wa watoto hao 11,000 hawajulikani. Wanakufa kabla ya miaka mitano, na kwenye daftari huandikwa malaria, nimonia, upungufu wa damu. Vipimo vya haraka vya tone moja la damu vipo, vinatoa jibu kwa dakika chache, na havihitaji maabara. Nguvu kubwa ningeiweka hapo kabla ya kitu kingine chochote: mtoto apimwe anapoletwa chanjo, aandikwe, apewe namba. Ukishakuwa na namba ya watoto, una kitu cha kumwonyesha mwenye kiwanda, na Hazina pia.

Nalo suala la hela lina uchungu wake. ARV zetu kwa sehemu kubwa zimelipiwa na wageni, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, tuliona kliniki za watu zikitetemeka kwa uamuzi uliotiwa saini mbali sana na hapa. Sikoseli haina Mfuko wa Dunia. Mfuko ule ni wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Wapo wanaolia tupatiwe mfadhili kama huyo. Mimi sitamani dawa ya mwanao itundikwe kwenye msumari uleule. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na ahadi hiyo kwa nchi nyingi bado ni karatasi. Haidroksiyurea ni dawa ambayo nchi inaweza kuinunua kwa fedha zake, ikiwa itanunua kwa wingi na kwa mpango.

Na mlango wa kununua kwa wingi upo, tena upo nyumbani. Nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, zimeipa Bohari ya Dawa ya Tanzania jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi wanachama. Sasa angalia ramani: Tanzania, Kongo na Angola zote zimo SADC, na zote zina mzigo mkubwa wa sikoseli. Nchi tatu zikija na hesabu ya watoto wao, mwaka mzima, kwa mkataba mmoja, mwenye kiwanda hatasikiliza tu, ataanzisha mstari wa uzalishaji kwa ajili yetu. Anaweza hata kutengeneza kidonge cha watoto. Dozi huenda kwa uzito, na kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500, wakati mtoto wa kilo kumi anahitaji pungufu ya nusu yake. Nimewaona akina mama wakiambiwa wampe siku moja na kuruka siku moja ili hesabu iende sawa. Inawezekana kitabibu, lakini ni kumfanya mama awe kiwanda.

Nisikuache na ya serikalini na viwandani tu, maana mwezi ujao mtoto anahitaji kumeza. Kwanza, kliniki ijayo muulize daktari kama damu ya mtoto imetulia vya kutosha kuandikiwa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo. Madaktari wengi hukubali wakiombwa, na huandika mwezi mmoja kwa mazoea tu. Muulize pia kama kipimo cha damu kinaweza kufanyika hospitali yenu ya wilaya, majibu ukaenda nayo. Hilo peke yake linaweza kukata safari zako za Mwanza zaidi ya nusu.

Pili, nenda kwa mfamasia wa hospitali ya wilaya, usiishie dirishani. Mwambie una mtoto anayetumia haidroksiyurea, miligramu ngapi, kila siku, na uache nakala ya cheti. Mwulize kama ameiweka kwenye maombi. Bohari ikiandika kwamba haina, hospitali inaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, ule mfumo unaoitwa Jazia, ambao ulianzia Dodoma mwaka 2014 na sasa uko nchi nzima. Akikwambia mtoto mmoja hatoshi kuagiziwa, hilo ni jibu la kweli, na ndiyo maana unatakiwa kutafuta wenzako. Kwenye kata yenu tu wapo. Waandike: mtoto, umri, kilo, dozi. Karatasi yenye watoto kumi na wawili, ikipita kwa mganga mfawidhi hadi kwa mganga mkuu wa wilaya, ina uzito ambao barua yangu na yako haziwezi kuwa nao.

Tatu, zahanati yenu ina kamati ya usimamizi, na ndani yake kuna wananchi waliochaguliwa. Siku hizi zahanati inapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake, na kamati inapaswa kuwepo dawa zinapofunguliwa na kuhesabiwa. Haidroksiyurea hawawezi kukuletea. Lakini asidi ya foliki, antibiotiki, vipimo vya haraka vya malaria na mseto ni vya ngazi yao, na mtoto wa sikoseli anavihitaji kuliko mtoto mwingine yeyote. Waombe wakuonyeshe, kwa mwaka uliopita, siku ngapi kila kimojawapo hakikuwepo. Safu hiyo ipo kwenye taarifa. Ni haki yako kuiuliza, na ukiuliza kwa upole mbele ya kikao watakujibu.

Kuhusu dawa yenyewe: impe saa ileile kila siku. Usifungue kapsuli nyumbani isipokuwa umeelekezwa namna ya kufanya hivyo, unga wake haufai kuguswa wala kuvutwa puani, hasa ukiwa mjamzito. Nawa mikono kila ukimaliza kuishika. Usimwongezee dozi siku inayofuata kwa sababu jana ilipita. Na ukikaa siku bila dawa kwa kukosa nauli, sema ukweli kliniki. Daktari akidhani mtoto alimeza mwezi mzima anaweza kupandisha dozi isiyohitaji kupandishwa.

La mwisho, hili hata haidroksiyurea haikuondolei. Akipata homa, usisubiri asubuhi na usianze na dawa ya dukani. Bandama ya mtoto wa sikoseli haimlindi kama ya wenzake, na maambukizi yanaweza kummaliza kwa saa chache. Homa, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla viganjani, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea: ni kwenda hospitali usiku huohuo. Weka kando nauli ya siku hiyo, hata kama ni kwa kukopa kwenye kikundi, na mwonyeshe jirani mmoja mahali ilipo pamoja na kadi ya mtoto, ili hata ukiwa shambani mtu aweze kumchukua na kuondoka naye.